Viganja Unavyovificha Chini ya Kanga

Somoe mwanangu, ipo siku moja siisahau. Nilikuwa bado kigoli, msimu wa korosho, kijijini kwetu jirani na Kilambo. Bibi aliponipa kisogo tu, nikabangua korosho mbichi kwa meno. Ulafi huo! Mafuta ya ganda yakanibabua midomo. Nikajiziba kwa upande wa kanga, nikasingizia jino. Midomo ikatunga usaha. Bibi alipoifunua, hakunigombeza kwa ajili ya korosho.

"We mtoto, kuungua siyo kosa," alisema huku akinipaka mafuta ya nazi. "Kosa kunificha. Mficha uchi hazai."

Maneno yake yamenirudia leo mchana, nilipokuona unakula ugali kwa kijiko. Tangu lini, mwanangu? Viganja vyako vimebabuka, nawe unaogopa daktari akiviona atakukatia dripu ya dawa ya saratani, na uvimbe wa titi uanze kukua tena. Moyo uliniuma.

Mimi mama yako mkubwa sikusoma sana, ila muuguzi alipotueleza nilitega sikio. Dawa yako ni kali, lakini imefungwa ndani ya vitone vya mafuta vidogo mno, jicho halivioni. Ni korosho iliyogeuzwa: ukali uko ndani, upole uko kwenye ganda. Vinaingia mshipani, vinazunguka na damu mwili mzima. Vingine hunaswa njiani na ini na bandama. Vingine hufika kwenye uvimbe, ambako mishipa imejengwa kwa pupa, ina nyufa. Hupenya humo vikakaa, na ganda likalegea polepole. Na vingine, ndiyo hivyo, huvujia viganjani na kwenye nyayo. Hujakosea kitu, mwanangu.

Basi nasaha yangu ni hii: kesho mwoneshe daktari viganja kabla hajatundika dripu. Huenda akapunguza dozi, huenda akasogeza siku. Huko si kukatiwa. Anayeituma dawa sharti ajue imepita wapi. Ukimficha, ataituma gizani.

Sasa sogea hapa, toa mikono kwenye hiyo kanga. Dua hupokewa kwa viganja wazi, hata vilivyobabuka. Mungu akuponye, mwanangu, akufikishe uzee kama huu wangu, uje uwabangulie wajukuu zako korosho kwa mikono hii hii.

Itikia amina.