Maneno ya Nyuma ya Pazia

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Alifiwa na mume mimi nikiwa bado naota meno, na tangu hapo kila mwanamume aliyebisha hodi alikutwa na kasoro: huyu anatafuna kwa kelele, yule anajisifu, mwingine kucha zake hazimpendezi. Ukumbi wa mtaa ulipoanzisha kikundi cha maigizo, alikwenda kuwapima watu nguo tu. Hakurudi.

Mchezo wenyewe ulikuwa ule wa zamani wa mapenzi, wa koo mbili zisizosalimiana na watoto wao wanaopendana. Mwalimu mstaafu aliyetuongoza alitueleza mpangilio wake kwa vidole. Wanakutana, wanaoana kwa siri, damu inamwagika. Msichana anakunywa dawa ya usingizi ili aonekane amekufa, apate kutoroka. Mjumbe wa kumpasha kijana habari anachelewa. Kijana anaona maiti, anakunywa sumu. Msichana anaamka, anaona msiba wake, naye anajiua.

"Na huyo mjumbe akiwahi?" Shangazi aliuliza.

Mwalimu akamwambia akiwahi hakuna mchezo. Shangazi akasema basi watu wote hao wanakufa kwa uzembe wa mtu mmoja, naye haoni cha kulilia hapo, mtu huyo atafutwe achapwe. Ubishi huo ukawa sehemu ya mazoezi.

Msichana nilikuwa mimi. Kijana, kwa kukosa kijana mwenye nafasi, alikuwa fundi seremala wa mkabala na duka la Shangazi, baba mzima aliyefiwa na mke, kipara chake kimefunikwa wigi. Sauti alikuwa nayo, ya kutikisa mabati. Kichwani ndiko hakukukaa kitu. Ndipo Shangazi akapewa kazi ya kukaa nyuma ya pazia amkumbushe maneno, sentensi kwa sentensi. Yeye ananong'ona, fundi anarudia vilevile alivyosikia.

Hebu fikiria hali yangu. Nimepigiwa magoti, naambiwa mimi ndiye nuru ya macho yake, na macho yenyewe yanatazama pazia. Mazoezi baada ya mazoezi Shangazi alimwambia mwanamume yule kwamba bila yeye usingizi haumjii, na mwanamume akamrudishia neno kwa neno, kwa sauti iliyofika barabarani. Mchana waligombana kama kawaida, yeye akilalamika vumbi la mbao limeharibu vitambaa vyake vyeupe, fundi akimwambia afunge dirisha. Nilipomtania, Shangazi alisema anausaidia ukumbi tu. Lakini alikuwa ameanza kuja mazoezini na hereni, na nyuma ya pazia hakuna wa kuona hereni.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Nikanywa dawa yangu, nikafa vizuri, nikalazwa kwenye benchi karibu na pazia. Kinyozi wa mtaa, ambaye ndiye mjumbe wetu wa kuchelewa, alikuwa amemaliza sehemu yake, akajibanza kule nyuma kando ya Shangazi. Nikamsikia akimnong'oneza kwamba, lo, kumbe alisahau, fundi alimtuma kwake tangu wiki iliyopita. Anafunga karakana, Jumatatu anahamia kwa mwanawe. Kama Shangazi ana sababu ya kumzuia, aseme. Kama hana, asijisumbue kujibu.

"Wiki nzima?" Shangazi akauliza.

"Wateja walikuwa wengi, dada."

Wiki nzima maskini fundi alikuwa amengoja, na ule ukimya akauchukua kuwa ndilo jibu. Nikasikia kishindo kidogo na kinyozi akiguna kwa maumivu. Sikuona kitu, nilikuwa maiti, lakini kiatu cha Shangazi nakijua.

Fundi akaingia na chupa ya sumu. Akapiga goti, akasema, "Mpenzi wangu," akakwama hapohapo, akangoja. Yaliyofuata yalikuwa maneno ya kuiaga dunia. Pazia likanyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa. Moyo ulinienda mbio, na kwa maiti hilo ni tatizo.

Kisha nikasikia mnong'ono: "Usinywe."

"Usinywe!" fundi akanguruma.

Watu wakatazamana. Mnong'ono ukaendelea kwamba mjumbe amechelewa, habari imefika sasa hivi. Fundi akayatangaza na hayo bila kupunguza sauti. Mwalimu, kiti cha mbele, akajishika kichwa.

"Sihami tena Jumatatu," Shangazi akanong'ona.

"Sihami tena Jumatatu," fundi akasema, na hapo akashtuka. Mchezo ule hauna Jumatatu popote.

Akaweka chupa chini. Akavua wigi. Akalisogelea pazia, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Hayo ni ya mchezo, au ni ya kwako?"

Mwalimu alikuwa akinipungia mkono niamke nijiue. Nikafumbua jicho moja. Nikaona hereni kwanza, halafu Shangazi mzima akitoka nyuma ya pazia, mbele ya mtaa wote.

"Ni ya kwangu," alisema, na safari hii hakunong'ona.