Ua Lililohama Mguuni mwa Kiti

Mama Waya alikuwa fundi redio, na mumewe seremala wa viti. Kiharusi kilipompata mume, mkono wake wa kulia ukabaki kuning'inia tu, patasi zikatupwa ndani ya ndoo. Kutwa nzima alikaa mlangoni, kimya, akiwatazama wapita njia bila kuwaona.

Ukimya ule ulimshinda mkewe. Akaanza kuokoteza mota za printa mbovu, reli za droo na kompyuta kuukuu, mpaka chumba cha nyuma kikageuka karakana. Humo akaunda mashine ya kuchonga: kisu kinakwenda huku na huku, juu na chini, na mti wenyewe unazungushwa chini yake. Mume achore ua kwa mkono wa kushoto, kompyuta iusome mchoro, mashine ichonge.

Mguu wa kwanza wa kiti ulianza vizuri. Ua la juu likakaa mahali pake. La kati likasogea kidogo, na la chini likaangukia ubavuni.

"Hii imelewa," mume akasema.

"Imelewa wapi! Inapoteza hatua."

Akamweleza kwamba mota huenda kwa hatua ndogondogo, kila moja kwa amri ya kompyuta. Hatua ikipotea, kompyuta haina habari. Inaendelea kuchonga ikidhani iko palepale.

Jina la ugonjwa alilijua. Dawa ndiyo iliyomtoa jasho. Akapunguza mwendo, ua likahama vilevile. Akakaza mkanda wa mashine, akabadilisha mota, akaweka feni ya kuipoza. Wapi! Mwisho akamshuku jirani mchomeleaji vyuma, kwamba umeme wake unavuruga nyaya.

"Shemeji, nizimie mashine kidogo tu."

"Shemeji, mashine yangu iko kwa fundi tangu juzi!"

Akarudi na aibu yake, kichwa kimevurugika zaidi. Kama mota ilizidiwa, mbona maua yalihama upande uleule kila mara?

Alimkuta mume amepakata miguu ya viti iliyoharibika, akiipapasa.

"Hebu shika hapa," mume akasema. "Mistari ya kuzunguka tu haina kasoro. Lakini ua lenye petali nyingi limehama zaidi kuliko lenye chache. Huu mti hauharibiki ukizungushwa upande mmoja. Unaharibika ukigeuzwa upande wa pili."

Mama Waya akaketi sakafuni. Kompyuta ilituma amri mbili kwa nyaya mbili: piga hatua, na elekea huku. Je, ya pili ilikuwa ikichelewa, mota ikapiga hatua kabla haijaambiwa pa kwenda? Akaiagiza kompyuta itangulize mwelekeo, ingoje kidogo mno, ndipo itume hatua. Akafunga mti mpya.

Maua yakajipanga mstari mmoja, juu mpaka chini. Mume akayapitishia kidole, akayarudia tena, machozi yakimlengalenga.

"Imepona?"

"Imepona. Ila sielewi. Kama amri inachelewa, ingechelewa pande zote, makosa yakafutana. Kwa nini ikosee ikigeukia upande mmoja tu?"

"Kwani lazima uelewe?"

"Lazima!" Akaokota bisibisi, akalifungua tena sanduku la nyaya.

"Mwanamke, usiiguse!" mume akafoka, kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu augue. "Nina mguu mwingine wa kuchonga!"

Akavuta karatasi, akaanza kuchora. Mama Waya alibaki amechuchumaa, bisibisi mkononi, akizitazama zile nyaya mbili bila kuzielewa.