Nguzo Zenye Tumbo

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mapambo ya jasi, kule Al Quoz, Dubai, Foromani alinitazama mikono kabla hajanitazama uso. Nilikuwa nimetoka Unguja na ufundi wangu wa kupiga lipu ya chokaa, nikijiona bingwa. Akanipa ndoo, akaniambia kwa Kiarabu cha kazini kwamba jasi haimsubiri mtu: ukishaitia maji una muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, baada ya hapo imekuwa jiwe. Somo hilo lilikuwa la kweli. Mengi niliyoyasikia kwa wakubwa baadaye yalikuwa uongo.

Naandika kwa hasira na siombi radhi. Vijana wanaopamba nyumba za Dubai siku hizi hubandika mapambo ya povu kwa gundi, wakayapaka rangi ya dhahabu, wakayaita klasiki. Ukiwauliza klasiki ya wapi na ya lini, wanakutazama kama umewauliza jina la bibi yake Firauni.

Basi someni. Mwishoni mwa karne ya kumi na nane Wazungu walikuwa wamechoshwa na rokoko, mtindo wa makombe ya baharini na majani yaliyojisokota kila pembe hata jicho likakosa pa kupumzika. Magofu ya Warumi yalikuwa yakifukuliwa. Wasanifu majengo wakaenda Rumi na Ugiriki na kamba zao za kupimia, wakarudi na nidhamu: mistari iliyonyooka, nguzo zenye mifereji, dari zenye umbo la yai, mitungi, na mashada membamba ya maua yasiyotokeza kuzidi unene wa kidole. Rangi zao zilikuwa kijani hafifu na buluu ya mbingu. Nyumba nyingi za namna hiyo zilijengwa kwa faida ya sukari iliyolimwa na watumwa, na hilo nalo mlijue, kwa sababu vitabu vya picha hulificha. Lakini vipimo vyao vilikuwa vipimo.

Hayo sikufundishwa na mkubwa yeyote. Alinifundisha Athmani, mtu wa Mombasa, ambaye meza yake ya kazi ilikuwa kando ya yangu. Ijumaa baada ya sala alikuwa akienda Bur Dubai kutafuta vitabu vikuukuu vya majumba ya Ulaya, akarudi navyo chumbani kwetu, akazipima picha kwa rula. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini mchoro aliusoma kama msahafu. Ndiye aliyenifunza kuburuta konishi, yaani ule ukingo wa mapambo unaozunguka pale ukuta unapokutana na dari. Unakata bati kwa umbo la ukingo unaoutaka, unalipigilia kwenye kibao, kisha unaliburuta juu ya jasi mbichi, kwenda na kurudi, mkono usitetereke. Ukitetereka, unabomoa na kuanza upya.

Ndiye pia aliyenionesha kwamba nguzo ya Kigiriki haikunyooka. Ina tumbo kidogo, tumbo la mtu aliyeshiba bila kuvimbiwa. Nguzo ikinyooka kabisa, jicho hudanganyika na kuiona imebanwa kiunoni, kwa hiyo mafundi wa kale waliipa unene kidogo wa kulirekebisha jicho. Nilikuwa mtu mzima, na sikupata kusikia jambo zuri kama hilo katika kazi.

Tulipelekwa Hatta kupamba nyumba ya mapumziko iliyo shambani, chini ya milima. Injinia wa mradi akaamuru nguzo kumi na mbili zimiminwe zimenyooka kama mabomba, kwa sababu kalibu ya bomba ni rahisi. Athmani akamweleza habari ya tumbo, kwa upole, na kitabu mkononi. Injinia hakukitazama kitabu.

"Nyinyi mnalipwa kwa ajili ya mikono," alisema, "si kwa ajili ya macho. Yalla."

Tukamimina mabomba. Nadhani bado yako pale, yamekonda viuno, na wageni wanapiga picha.

Kisha ikaja kazi ya Jumeirah. Mwenye nyumba, mzee wa Kiarabu tuliyemwita Arbab, yaani bwana mkubwa, alikuwa amesafiri na kuona. Alitaka ukumbi kama wa nyumba moja ya Kiingereza ya zama zile, pasipo kuongeza wala kupunguza. Athmani alichora nguzo, zenye tumbo safari hii, akachora na dari nzima ya umbo la yai na mashada yake. Mimi nilishika konishi. Miezi saba tulikaa juu ya jukwaa la mabomba shingo zimepinda, vumbi la jasi likituingia machoni. Ilipokamilika Athmani alilala chali sakafuni, akaitazama dari yake, akacheka peke yake.

Kumbe Meneja wa karakana yetu alikuwa amemwahidi Arbab mtaalamu kutoka Italia. Mtaalamu hakuwapo wala hakupata kuwapo. Wiki ya ukaguzi akaletwa Mtaliano mmoja, muuza marumaru dukani, akavishwa koti jeupe na kupewa michoro ya Athmani aikumbatie. Sisi tukaambiwa tuwe juu ya jukwaa na brashi, kama vibarua wanaofagia vumbi. Foromani akaniita pembeni. Akanikumbusha kwamba mkataba wangu unakwisha mwezi ule, kwamba yeye anarudi kwao na nafasi yake iko wazi, na kwamba Meneja anaangalia nani ana adabu.

Arbab alizunguka ukumbi polepole. Akasimama mbele ya nguzo, akamwuliza Mtaliano kwa nini zimenenepa katikati. Yule bwana akajibu kwamba jasi huvimba kwa joto la Dubai. Arbab akakunja uso, akasema kama ni hivyo basi zivunjwe, zimiminwe upya.

Athmani hakuweza kuvumilia. Akasema kutoka juu, kwa Kiarabu, "Usizivunje, Arbab. Hazikuvimba. Zimetengenezwa hivyo ili jicho lako lizione zimenyooka. Rudi nyuma hatua kumi, uzitazame."

Mzee akarudi hatua kumi. Akatazama kwa muda mrefu, akatabasamu, akamwita Athmani ashuke. Akamwuliza nani amezichora. Athmani akasema ni yeye, na mimi nikimsaidia.

Meneja akacheka kicheko kile cha ofisini. Akasema huyu ni kibarua tu, amekariri maneno ya mtaalamu. Kisha akaninyanyulia macho.

"Mussa, wewe umekuwapo tangu mwanzo. Nani amechora nguzo hizi?"

Athmani naye akanitazama, na usoni mwake hamkuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa na hakika nami.

"Mtaalamu, sir," nikasema.

Baada ya siku mbili Athmani aliambiwa khalas, viza imefutwa. Nilimkuta akiviringisha mabati yake ya konishi ndani ya taulo. Nikaanza kujieleza, watoto, mkataba, unajua mambo ya huku. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungenyamaza tu, ndugu yangu," alisema, "hilo ningekuelewa."

Mwezi uliofuata nikawa Foromani. Nilikaa katika cheo hicho mpaka nikastaafu. Nimewakemea mafundi wengi kwa mkono uliotetereka, na kila mara nilijua ni nani hasa ninayemkasirikia. Meneja nimemchukia, Injinia nimemchukia, lakini wale hawakupata kula na Athmani sahani moja.

Sasa naishi na mwanangu Jumeirah Lake Towers, anakofanya kazi ya ofisi. Mwezi uliopita aliona kwenye simu picha za ukumbi ule, zikisifiwa, na maelezo kwamba ni kazi ya fundi wa Kitaliano. Akawaka. Akasema atawaandikia waliotoa picha zile, awatajie jina langu, mzee wa Unguja aliyechora nguzo na dari kwa mkono wake. Ndivyo nilivyomwacha aamini tangu utoto wake.

Nikamkalisha, nikamweleza yote haya. Nikamwambia awaandikie, lakini jina liwe la Athmani, na aseme baba yake ndiye aliyemkana. Akakifunika kioo cha simu kwa kiganja.

"Baba, hayo yameshapita. Tusijitie aibu."

Sikumlaumu. Nilimlea mimi, na jibu lile nalijua lilikotoka. Basi naandika mwenyewe, mkono ukiwa bado unashika kalamu. Nguzo za ukumbi ule wa Jumeirah na dari yake zilichorwa na Athmani wa Mombasa. Mussa aliburuta konishi.