Mkomamanga wa Upplands Väsby

Mume wangu alikuwa na akili timamu mpaka siku alipoamua kupanda mkomamanga kwenye theluji. Si kwenye chungu, ndani, karibu na dirisha, kama wafanyavyo watu wenye haya. Aliupanda nje, Upplands Väsby, huku Uswidi, kwenye kipande cha bustani tulichokodi kwa ajili ya viazi na mchicha. Muuzaji alimwambia ni aina inayovumilia baridi. Na muuzaji aseme nini? Kwamba utakufa?

Kwao Tanga palikuwa na mkomamanga uani kwa mama yake. Mama alipofariki, kaka zake wakaiuza nyumba, na aliyenunua akaukata mti ajenge fremu za maduka. Tangu hapo mume wangu akawa na wimbo mmoja: kabla hajazeeka, achume komamanga kwa mkono wake, kwenye mti wake. Moja tu. Nilimwambia madukani yamejaa tele, yanatoka Uturuki, mekundu kuliko hayo ya mama yake. Akanitazama kana kwamba nimemtukana marehemu.

Basi kila mwezi wa kumi ikaanza sinema. Majani yakishapukutika, anayakusanya matawi, anayafunga kamba, anayazungushia nyasi kavu, kisha gunia, kisha juu ya yote koti lake kuukuu la kazini, lile lenye mistari inayong'aa. Theluji ikianguka, anapanda treni kutoka kwetu Märsta kwenda kuutazama. Kuutazama! Mimi nikishikwa na mafua naambiwa nichemshe tangawizi.

Rafiki yangu wa Bukavu, niliyekuwa nikisali naye, alipouona mara ya kwanza alishika kiuno.

"Eeh mama! Bwana yako anavalisha muti manteau?"

"Koti tayari, bado soksi," nikamjibu.

Tulicheka mpaka machozi. Mume wangu alikuwa nyuma yetu ameshika beleshi. Alitusikia, akaendelea kufunga kamba zake.

Mwaka 2011, baada ya baridi kali kweli kweli, ikambidi aende Tanga kuuguza kaka yake. Aliniachia maagizo kama anayeacha kichanga: nifungue gunia mwezi wa nne, nimwagilie kidogo, nisubiri. Mimi miaka yote nilikuwa nafika bustanini kuanzia Juni, wakati kuna cha kula, lakini safari hii nikaenda. Nikafungua. Nikasubiri. Mei ikaingia, miti yote ikawa kijani, hata kichaka cha jirani kilichokuwa kimelaliwa na theluji miezi mitatu. Wake ukabaki fimbo tupu. Kule nilikokulia, mti usiotoa hata jani moja wenzake wote wakiwa wamechipua umekufa, hauhitaji daktari.

Bustani zile zina siku ya usafi. Kila mwenye kipande anafika na reki yake, na trela linakuja kuzoa taka. Nikaona nimwondolee mtu wangu aibu kabla hajarudi. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilichimba kwa bidii ambayo mchicha haujawahi kuiona, nikakata mizizi kwa shoka, nikalipasua na shina, nikautupa trelani vipande vipande.

Bibi mmoja wa Kiswidi, jirani yetu pale bustanini, akaokota tawi moja na kulikwangua kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi, na maji yake.

"Den lever ju," akasema. Mbona uko hai. Kisha akanieleza polepole, kama anayesema na mtoto, kwamba mikomamanga huku huchelewa kuamka, mingine mpaka Juni. Mume wangu alilijua hilo. Ndiyo maana alisema nisubiri. Niliona aibu.

Aliporudi nilimwambia baridi imeuua mti. Alikwenda kusimama pale penye shimo nililokuwa nimelifukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, na majibu yangu nilikuwa nayo mdomoni.

"Ulisema tangu mwanzo, mke wangu," akaniambia. "Nimekusumbua bure miaka yote hii. Unisamehe."

Nikamwambia yameisha.