Anataka nimsamehe kabla ya Hija, lakini kosa lenyewe hataki kulitaja

Wenye ukurasa, jina langu lificheni. Jina la mtaa wetu, Kibokoni, liacheni lilivyo. Waliokuwapo miaka ile wakisoma watanijua, na wanijue.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mtalaka, naishi na mama yangu ambaye amepita themanini na hainuki kitandani ila kwa kushikwa. Nina siku tatu za kuamua jambo lililonikaa kooni tangu miaka ya tisini.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na moja na nimeshaposwa na kijana wa mtaani petu, watu wa heshima zao. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa jiografia aliyekuwa na chama cha vijana, akatufunza mchezo aliouona ng'ambo. Alikuwa akificha makopo ya maziwa ya unga sehemu mbalimbali kandokando ya kisiwa, kisha anatupa karatasi yenye mafumbo na vipimo vya dira, na sisi tunayasaka Jumamosi na Jumapili. Ndani ya kila kopo mna kidaftari na penseli. Ukilipata, unaandika jina lako na saa uliyofika, unachukua kidude kimoja na kuacha kingine. Upuuzi mtupu, lakini kwa wasichana tuliokuwa hatutoki ila kwa ruhusa, hiyo ilikuwa raha isiyo na mfano.

Baba alinikubalia kwa sharti moja, niandamane na binti wa mama mdogo, niliyempita kwa mwaka mmoja tu. Mama yake alijua tunakokwenda. Baba yake hakujua, maana yule bwana hata dirishani hakutaka bintiye asimame.

Jumamosi tulisaka kuanzia Ngomeni. Jumapili tulianzia hapohapo Ngomeni, na kopo la mwisho lilikuwa kule Laithausi, penye mnara wa taa, chini kwenye majabali. Dira alikuwa nayo kijana mmoja wa Majengo, karani wa ghala huko Shimanzi, aliyepangwa kundi letu. Tulikuwa watatu. Narudia, watatu. Tulilipata kabla ya makundi mengine na mimi nikaikimbilia penseli kwa furaha. Yule binti akanishika mkono.

"Miye usinitie, dada," akaniambia. "Baba akijua nilikuja huku, sitotoka ndani tena."

Nikamhurumia. Nikaandika jina langu na la yule kijana, nikatia saa kumi na nusu. Sisi wawili tukatangulia kupanda, yeye akabaki nyuma kulirudisha kopo tunduni.

Siku ya nne mama mkwe wangu mtarajiwa akaja kwetu na ukurasa ule mkononi, umechanwa vizuri kabisa. Majina mawili, la mwanamke na la mwanamume, na saa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mahali penyewe Laithausi, ambako Mombasa nzima inajua wanaokwenda wawili wawili wanafuata nini. Nilikaribia kucheka, kwa sababu shahidi ninaye. Akaitwa. Akasema aliumwa na kichwa akarudi nyumbani tangu Ngomeni, na kwamba mimi ndiye niliyemhimiza aende zake. Aliyasema hayo macho chini, kwa sauti ya adabu, na adabu ile ndiyo iliyonimaliza. Kijana wa Majengo alikuja kuniapia mbele ya baba, akafukuzwa barazani. Nani angemsikiliza, na jina lake limo kwenye karatasi?

Posa ikavunjwa. Mwaka haukutimia, mchumba wangu akamuoa yeye. Nilikwenda arusini kwa amri ya mama, nikakaa mkekani nikila pilau yao huku wanawake wakininong'ona. Baadaye mimi nikaozwa mtu mzima mwenye wake wawili, kwa kuwa hakuna mwengine aliyebisha hodi, na huko nako sikukaa. Baba alikufa akiamini nilimvunjia heshima yake. Mama hakunipiga wala hakunitukana. Aliacha tu kunitazama usoni tukila, na hadi leo namlisha kwa mkono wangu akitazama ukutani.

Sasa mwenzangu huyo, binti wa mama mdogo, anakwenda Hija. Desturi yetu mnaijua, msafiri hupita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha. Jana baada ya alasiri akaja kwetu na wanawake sita hivi, akapiga magoti kando ya kitanda, mama akambariki kwa machozi. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada, kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."

"Kosa gani?" nikamuuliza.

"Lolote."

"Litaje."

Akatengeneza buibui lake. Wenziwe wakaanza kunong'ona kwamba nina roho mbaya, mtu anakwenda nyumba ya Mungu nami namuwekea vikwazo. Mama akaninyoshea mkono.

"Mwanangu, msamehe mwenziyo," akasema. "Na wewe una makosa yako, nasi tulikusitiri."

Jamani, nilitoka nikaenda kulilia jikoni. Miaka yote hii mama yangu anaamini amenisitiri.

Ndege ni Alhamisi. Simtaki mume, mume mwenyewe siku hizi hana meno ya mbele na wala simtamani. Sitaki aaibike mbele ya mtaa. Nataka aje peke yake, akae pale kitandani, amwambie mama maneno mawili tu: "Tulikuwa watatu." Nimemtumia salamu hizo asubuhi hii, akanijibu nisimharibie safari yake ya ibada.

Kila ninayemuuliza ananiambia samehe upate thawabu. Mimi nawauliza nyinyi msionijua. Nikimsamehe hivihivi, yeye atarudi akiitwa hajati, na mama atakufa akiniona mchafu. Nisiposamehe, nimebeba dhambi nyengine. Nikimweleza mama mwenyewe, nishamweleza mara ngapi. Nishaurini kwa haki, niseme nini kabla ya Alhamisi?