Gurudumu Lililozunguka Kwanza

Nililipenda lile gurudumu, na aibu yangu inaanzia hapo. Nilitengeneza programu ya kuita toleka, baiskeli zetu za kubeba watu. Unafinya "Ita", gurudumu linazunguka taratibu kwenye kioo, likisimama ndipo simu inapeleka mwito kwa mwendeshaji. Nilijifunza mwenyewe, shule niliacha njiani. Kila nilipojaribu, nilitazama gurudumu mpaka mwisho, na mwito ulifika.

Mwendeshaji wa kwanza alikuwa tonton, ndugu ya mama. Nilimwambia asipakie watu wa njiani, asije akakosekana mwito ukiingia. Alinisikiliza. Mama muuza chikwange, ile mikate ya muhogo, ambaye tonton alikuwa akimpeleka soko kila asubuhi, alimwambia atafute mwingine. Akavaa shati safi, akasimama njia panda na simu mkononi.

Jioni akarudi. "Bon, mutoto, hakuna mutu aliniita."

"Wataita, tonton. Bado hawajazoea."

Kesho yake vilevile. Na siku zilizofuata. "Pengine wanaona picha yangu mule, wanasema, huyu muzee atatuangusha." Alicheka, lakini lile shati hakulivaa tena.

Niseme haki: niliamini kweli watu hawamtaki. Nilifikiri hata kubadilisha picha yake, niweke ya kijana. Hilo linaniuma kuliko yote.

Halafu mke wake akaingia kwetu, jasho linamtoka, muhogo kichwani. "Nilimuita bwana yangu anibebee, hakuja!"

"Nionyeshe ulivyofanya, mama."

Alifinya, akazima kioo palepale, simu akaifunga kwenye ncha ya liputa, kitenge alichojifunga. Nikamwuliza kwa nini hakungoja.

"Ningoje nini? Niangalie tairi inazunguka, batri iishe? Umeme yenyewe ilirudi jana tu!"

Kila mtu hapa mjini hufanya hivyo. Mimi pia, kwenye programu za wengine. Kioo kikizimwa, gurudumu langu halifiki mwisho, na kazi niliyoiweka nyuma yake, kupeleka mwito, haifanyiki. Somo la mtandaoni nililofuata nilipojifunza halikunidanganya: lilionyesha namna ya kufanya jambo mchoro ukimaliza kutembea. Halikusema nitundike huko kazi yenyewe. Nyuma ya gurudumu lilitosha neno "Asante".

Nilibadilisha, mwito uende kwanza. Kisha nikaenda kwa tonton, tayari kutukanwa.

"Donc waliniita?"

"Ndiyo, tonton. Kosa iko yangu."

"Nani na nani?"

Miito ambayo haikuondoka haiachi alama. "Ninamujua moja tu. Bibi yako, ile siku ya muhogo."

"Huyo ananiita hata bila simu!" Alicheka mpaka akashika ukuta, akaenda kuoga, akatoka na shati safi.

Asubuhi nilimsikia njia panda akiwaambia wenzake, "Kumbe batu walinitafuta siku zote hizi!" Nikapita upande mwingine wa barabara. Sijui mpaka leo kama walikuwa watu wengi, au mke wake peke yake.