Udameda Hakuwemo Kwenye Orodha Yoyote

Vidole vinne vya mkono wa kulia. Hiyo ndiyo gharama yote, mwanangu, na nimeihesabu mara mbili. Mimi sikutoa hata kimoja.

Nakumbuka nilivyokuwa msichana mwenye mdomo, msimamizi wa vibarua kwenye mashine ya kukamua alizeti pale Mkiwa. Nilikuwa na orodha mbili. Ya kwanza, wanawake wa kupepeta: wenyeji watupu, maana hawakutaka mgeni katikati yao. Ya pili, wapakiaji wa magunia: wageni walikaribishwa, mradi wawe wanaume. Nikiulizwa kama tunabagua, nilicheka. Wanawake si hao? Wageni si hao?

Akaja Udameda, mgeni, binti wa wafugaji, Kiswahili chake cha kukatikakatika.

"Shikamoo, dada. Naomba kazi."

Wapepetaji wakadakia, "Ng'ombe zako umemwachia nani?" Wapakiaji nao, "Hili gunia litakubeba wewe, mama!"

Mimi, hodari wa kupatana, nikamtafutia kazi isiyo na orodha: kukwangua mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, chini ya mashine, kwa nusu ya ujira. Nikaona nimemsaidia, tena kwa bei nzuri.

Mashine haikuzimwa akikwangua. Kuizima kulichelewesha mafuta. Wiki ya tatu mkanda ukamvuta mkono, ukaondoka na vile vidole vinne.

Vibarua walikuwa wakimchangia mwenzao akiumia. Wanawake wakasema, "Huyo ni wa wageni." Wageni wakasema, "Huyo ni mwanamke, ana wenzake." Tajiri mwenye mashine akataka orodha, ajue kama ni kibarua wake wa kumtibu. Nikazifunua zote mbili mbele yake, mara mbili.

"Mbona hayumo?" akauliza, akaenda zake kula.

Nilinyamaza nisipoteze kazi. Mwaka uliofuata mashine ikauzwa, na kazi yenyewe ikaishia hapo.

Leo umekabidhiwa vibarua wako, mwanangu. Usiniambie wanawake wapo na wageni wapo. Nionyeshe mwanamke ambaye ni mgeni: anafanya nini, analipwa sawa na nani, akiumia atashikwa na nani? Akikataliwa huku kwa ugeni na kule kwa uanamke, usimpe kazi ya hatari kisha ukajiita mwema.

Mungu akujalie umwone kila unayemhesabu.

Udameda anauza kuku pale pale Mkiwa, barabarani. Huwafunga miguu kwa mkono wa kushoto na meno. Nikinunua kwake sipunguzi bei, naye hunirudishia chenji kamili. Wewe uliyesoma, hebu nishauri: mtu kama mimi aanze kulipa kidole kipi?